Kinga Iliyonyamaza: Historia ya Wazo Moja Kuhusu Sepsisi

Mwaka 1892, katika taasisi ya Robert Koch mjini Berlin, daktari Richard Pfeiffer aliwaua wanyama kwa vijidudu vilivyokwisha kufa. Alivipasha moto vijidudu vya kipindupindu hadi kisibaki hata kimoja chenye uwezo wa kuzaana, kisha akawadunga simbilisi, wale wanyama wadogo wa jamii ya panya wanaofugwa maabara. Koch mwenyewe alikuwa ameifundisha dunia kwamba ugonjwa huletwa na kijidudu kilicho hai, kinachoongezeka mwilini. Sasa maiti za vijidudu zilikuwa zinaua: simbilisi walipoa mwili, wakalegea, wakafa. Pfeiffer aliamua kwamba sumu ilikuwa sehemu ya umbo la kijidudu chenyewe, akaiita endotoksini, yaani sumu ya ndani. Aliacha nyuma yake swali lililowashughulisha watafiti kwa miaka mia moja iliyofuata. Sumu hiyo haichomi wala haiozeshi nyama. Basi inauaje?

Swali hilo ndilo kiini cha ugonjwa tunaouita sepsisi, ambao mitaani hujulikana zaidi kama sumu kwenye damu. Mtu anaanza na nimonia, kidonda, utumbo uliotoboka au maambukizi baada ya kujifungua; siku mbili baadaye presha imeporomoka, figo hazitoi mkojo, pumzi ni za kuhema, na akili imepotea. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba mwaka 2017 pekee watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi, na milioni 11 kati yao walikufa, karibu kifo kimoja katika kila vitano vilivyotokea duniani mwaka huo. Asilimia 85 ya wagonjwa hao walikuwa katika nchi zisizo tajiri, na Afrika kusini mwa Sahara ilibeba sehemu kubwa ya mzigo. Kwa muda mrefu jibu lililoaminika la swali la Pfeiffer lilikuwa kwamba mwili hujiua wenyewe, kwa hasira ya kinga yake. Hoja yangu ni kwamba jibu hilo lilikuwa kweli ya saa chache za kwanza tu. Lilipatikana kwa mnyama mwenye afya aliyedungwa sumu mara moja, likahamishiwa kwa binadamu aliyekwisha kuugua siku nne, siku kumi, na ambaye kinga yake ilikuwa imekwisha kunyamaza. Uhamisho huo uligharimu maisha.

Anayetaka kuelewa kinachotokea aanze na jipu. Mwiba ukichoma kidole ukaingiza bakteria chini ya ngozi, seli zinazolinda hapo, ziitwazo makrofaji, huzitambua na kuanza kuzimeza. Wakati huohuo hutoa kemikali za kupashana habari, saitokini, ambazo huilegeza mishipa midogo ya jirani ili ipanuke na kuvuja kidogo. Damu hujaa mahali pale, ndiyo maana panakuwa pekundu na pa moto; majimaji ya damu hupenya nje, ndiyo maana panavimba; seli nyeupe nyingine hujipenyeza kupitia nyufa hizo, hupigana na kufa kwa mamilioni, na maiti zao ndizo usaha. Damu huganda katika vijishipa vya pembeni na kuiziba njia ambayo bakteria wangetorokea. Hali hii yote huitwa mcharuko. Ilya Metchnikoff aliuona mwanzo wake mwaka 1882 mjini Messina, Italia, alipochomeka miiba katika viluwiluwi angavu vya kiti cha pweza na kesho yake akakuta seli zimeuzunguka mwiba. Kila kitendo katika jipu kina faida. Sasa kifanye kila kimoja katika mwili mzima kwa wakati mmoja. Mishipa yote ikilegea, presha huanguka. Ikivuja yote, mapafu hujaa maji. Damu ikiganda katika vijishipa vya figo na ini, viungo hivyo hukosa oksijeni. Ni jipu lilelile, limekosa mpaka.

Picha hii ilikuwa na mvuto mkubwa, na mwaka 1972 ilipata msemaji hodari. Lewis Thomas, daktari na mwandishi wa Marekani, alichapisha katika New England Journal of Medicine insha iliyodai kwamba silaha tulizo nazo dhidi ya bakteria ni kali mno kiasi kwamba zinatuhatarisha kuliko bakteria wenyewe. Kwa maelezo yake endotoksini haitendi kitu. Ni ishara tu, na mwili unapoisoma hulipua kila ulicho nacho. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa sana hapo, maana methali anayo tayari: kikulacho ki nguoni mwako. Wala Thomas hakuwa amekosea kuhusu endotoksini. Tatizo lilikuja pale mfano wa endotoksini ulipochukuliwa kuwa ndio ugonjwa wenyewe.

Ushahidi wa kemikali ulianzia mbali na wodi yoyote, kwa ng'ombe wa Afrika. Wafugaji wa ukanda wa mbung'o wanaujua ugonjwa wa nagana: mnyama hukonda mwezi baada ya mwezi, mbavu zikahesabika, ilhali majani yapo na anakula. Cha ajabu ni kwamba damu yake ikipimwa, trypanosoma wanaosababisha ugonjwa huo wanaweza kuwa wachache kabisa. Anthony Cerami, mwanabayokemia wa Rockefeller University ya New York, alilichukua swali hilo kutoka Kenya: vimelea wachache namna hii wanamkondesha vipi mnyama mkubwa namna ile? Katika maabara yake sungura walioambukizwa walikonda vilevile, lakini damu yao ilionyesha kioja. Seramu, ile sehemu ya majimaji ambayo kwa kawaida huwa angavu na ya manjano hafifu, ilikuwa nyeupe kama maziwa kwa wingi wa mafuta. Mnyama alikuwa anakonda huku chakula kinaelea ndani ya mishipa yake. Kimeng'enya kinachoyatoa mafuta kwenye damu na kuyapeleka kwenye nyama kilikuwa kimezimwa.

Nani amekizima? Hapa anaingia panya mmoja ambaye historia hii haiwezi kuelezwa bila yeye. Tangu miaka ya 1960 ilijulikana kwamba panya wa ukoo uitwao C3H/HeJ hawajali endotoksini; kiasi kinachowaua panya wengine kwao ni kama maji. Mwaka 1981 Masanobu Kawakami na Cerami waliwadunga endotoksini panya wa kawaida, wakatoa seramu yao, wakaitia kwa panya hawa wagumu. Kimeng'enya kikazimika kwao pia. Kwa kuwa endotoksini yenyewe haiwagusi, kilichokuwa kikifanya kazi ndani ya seramu ile lazima kilitengenezwa na mwili wa panya wa kwanza. Walikiita kakektini, kutokana na neno la kitabibu la kukonda, lenye asili ya Kigiriki. Mwaka 1985 Bruce Beutler, aliyekuwa katika maabara hiyohiyo, alikisafisha na kugundua kwamba dunia ilikuwa inakijua kwa jina jingine: TNF, ile kemikali ambayo mwaka 1975 Elizabeth Carswell, Lloyd Old na wenzao, pia wa New York, walikuwa wameieleza kuwa huua uvimbe wa saratani katika panya. Saitokini moja ilikuwa ikikondesha, ikiua saratani, na, kama ilivyoonekana mwaka huohuo, ikiua panya wenyewe: Beutler alipowapa panya kingamwili dhidi ya TNF, wengi walinusurika dozi ya endotoksini ambayo ingewaua. Mwaka 1986 Kevin Tracey na wenzake waliwapa panya TNF tupu, bila bakteria hata mmoja, na panya wakaingia katika mshtuko uleule wa sepsisi. Mwaka 1987 nyani waliopewa kingamwili ya TNF, kisha wakatiliwa bakteria hai ndani ya damu, walipona.

Ni vigumu leo kueleza matumaini ya miaka ile, na sioni sababu ya kuwalaumu waliokuwa nayo. Mnyororo ulionekana umekamilika: sumu, seli, kemikali, kifo, na pingu ya kuifunga kemikali hiyo. Kampuni za dawa zilikimbilia wodini na kingamwili dhidi ya endotoksini, dhidi ya TNF, na dawa za kuziba saitokini nyingine ya mcharuko, interleukini 1. Moja baada ya nyingine zilishindwa kuokoa wagonjwa. Jaribio linaloumiza zaidi ni lile lililochapishwa mwaka 1996, lililotumia protini iliyotengenezwa kunasa TNF ndani ya damu. Lilikuwa na wagonjwa 141. Katika kundi lisilopewa dawa walikufa asilimia 30. Waliopewa dozi ndogo walikufa vilevile asilimia 30. Dozi ya kati, asilimia 48. Dozi kubwa, asilimia 53. Namba hizi zinastahili kusomwa polepole. Dawa isiyofanya kazi ingeacha vifo mahali pale pale katika makundi yote. Hapa vifo vilipanda pamoja na dozi. Kadiri TNF ilivyonaswa ndivyo wagonjwa walivyokufa zaidi. Kile kilichoitwa muuaji kilikuwa, kwa watu hao, kinafanya kazi ya kuwaweka hai.

Yapo yaliyofuata ambayo nitayapita haraka. Dawa ya protini C, iliyopunguza kuganda kwa damu na mcharuko pamoja, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 baada ya jaribio la wagonjwa 1690 kuonyesha nafuu. Jaribio la kurudia halikuiona nafuu hiyo, na mwaka 2011 dawa ikaondolewa sokoni. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya eritorani, dawa iliyobuniwa kuziba kipokezi kile kile ambacho mwili hutumia kuitambua endotoksini. Karibu wagonjwa 2000 walishiriki. Haikupunguza vifo.

Watetezi wa wazo la zamani walikuwa na maelezo ya kushindwa huku, na mengine yalikuwa ya haki. Walisema dawa zilichelewa. Kwamba wagonjwa walichanganywa, mwenye nimonia na mwenye utumbo uliotoboka, mzee wa miaka 80 na kijana. Kwamba kuizuia kemikali moja kati ya nyingi ni kuziba tundu moja la ungo. Ninakubali yote matatu. Lakini la kwanza, la kuchelewa, likifuatwa mpaka mwisho linageuka dhidi yao. Katika jaribio la nyani la mwaka 1987, ulinzi kamili ulipatikana pale kingamwili ilipotolewa saa mbili kabla ya bakteria kuingizwa. Iliyotolewa saa moja kabla ilizuia mshtuko lakini haikuzuia viungo kuharibika. Hakuna mgonjwa afikaye hospitali saa mbili kabla ya kuugua. Majaribio ya wanyama yalikuwa yamesema wazi kwamba TNF ni muuaji wa dakika za mwanzo, na kwamba baadaye kumzuia hakuna faida. Isitoshe, mwaka 1990, kabla ya majaribio hayo ya binadamu kutoa majibu, watafiti wa Ujerumani walikuwa wameonyesha jambo la kutisha zaidi. Panya waliotobolewa utumbo kidogo, kiasi ambacho kwa kawaida wangepona, walikufa walipopewa kingamwili ya TNF. Tumbo lililojaa bakteria hai, wanaozaana, lilihitaji TNF ili kuwazuia.

Na yule panya mgumu, C3H/HeJ? Mwaka 1998 Beutler, safari hii mjini Dallas, aligundua siri yake: herufi moja imebadilika katika jeni ya kipokezi kiitwacho TLR4, hivyo seli zake hazioni endotoksini kabisa. Ugunduzi huo, pamoja na ule wa Jules Hoffmann wa Strasbourg kuhusu kipokezi cha ukoo huohuo katika inzi wa matunda, uliwapatia tuzo ya Nobel mwaka 2011, wakiigawana na Ralph Steinman. Lakini jambo la maana kwa mgonjwa wa sepsisi lilikuwa limekwisha kujulikana tangu miaka ya 1980. Panya huyu asiyeuawa na sumu ya bakteria huuawa kwa urahisi na bakteria. Mtie Salmonella hai wachache, idadi ambayo panya wengine huimudu, naye hufa, kwa sababu haoni kinachomshambulia hadi wamemzidi. Kama nadharia ya mwili unaojiua ingekuwa kweli yote, panya huyu angekuwa ndiye anayesalimika kuliko wote. Mnyama aliyetumika kuijenga nadharia hiyo alikuwa pia ushahidi dhidi yake, ndani ya vizimba vilevile.

Upande wa pili wa ugonjwa ulikuwa ukionekana na wachache. Paul Beeson, katika miaka ya 1940, alikuwa ameonyesha kwamba sungura wanaodungwa chanjo ya homa ya matumbo kila siku huacha kupata homa: mwili huzoea na kunyamaza. Mjini Berlin, Hans-Dieter Volk na wenzake waliona kwamba monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu zinazomeza bakteria, kwa wagonjwa wa sepsisi hupoteza juu ya ngozi yao molekuli iitwayo HLA-DR, ambayo ndiyo sahani ya kuwaonyeshea limfosaiti, seli nyeupe za aina nyingine, kipande cha adui. Monosaiti isiyo na sahani hiyo inaweza kummeza bakteria na isimwambie mtu yeyote. Mwaka 1996 Roger Bone wa Marekani, aliyekuwa kiongozi wa wale walioipa sepsisi tafsiri yake rasmi ya mcharuko miaka michache nyuma, alikiri kwa maandishi kwamba mcharuko hufuatana na nguvu ya kuuzima, na kwamba nguvu hiyo ikizidi nayo inaua. Alikufa mwaka uliofuata. Namheshimu kwa hilo, maana ni nadra mtu kuirekebisha hadharani tafsiri aliyoiandika yeye mwenyewe.

Aliyelifuata jambo hili hadi mwisho ni Richard Hotchkiss wa Washington University mjini St. Louis. Njia yake ilihitaji moyo mgumu na ridhaa ya familia zilizofiwa. Mgonjwa wa sepsisi alipofariki katika chumba cha mahututi, timu ilikwenda kitandani na kuitoa bandama, ndani ya dakika 30 hadi 180 tangu kifo, kabla seli hazijaoza. Bandama ndiyo kambi ya limfosaiti. Ndani yake damu huchujwa na seli za kinga hukutana. Chini ya hadubini, bandama hizo zilikuwa zimepukutika. Limfosaiti walikuwa wamejiua kwa wingi, kwa ule utaratibu wa kimyakimya ambao seli hujikatakata yenyewe na kumezwa na jirani, na makrofaji anayemeza maiti za aina hiyo hutulia badala ya kuchachamaa. Mwaka 2011 timu hiyo ilichapisha matokeo ya wagonjwa 40. Seli zilizobaki hai zilichokozwa maabara kwa vichocheo ambavyo vingezifanya seli za kawaida zimwage saitokini. Zilitoa chini ya sehemu moja ya kumi ya kiasi kilichotolewa na seli za watu ambao hawakuwa na sepsisi. TNF ile ile, ambayo miaka ishirini ilikuwa imewindwa kama muuaji, karibu haikuwepo.

Mpinzani mwenye akili atauliza kama maiti inaweza kutoa ushahidi wa namna hii. Kila kitu huzimika kwa anayekufa; huenda bandama iliyonyamaza ni dalili ya kifo kuliko sababu yake. Swali ni la haki na halijibiwi na bandama pekee. Linajibiwa na walio hai. HLA-DR hupimwa kwenye damu ya mgonjwa akiwa kitandani, siku baada ya siku, na wale ambao kwao inabaki chini bila kupanda ndio wanaopata maambukizi mapya mara nyingi zaidi na kufa zaidi. Virusi vilivyolala mwilini tangu utotoni, vya jamii ya malengelenge, huamka katika damu ya wagonjwa wa sepsisi waliokaa siku nyingi hospitalini, jambo tunalolijua kwa waliopandikizwa figo na kupewa dawa za kuishusha kinga. Bakteria na fangasi wasioweza kumdhuru mtu mwenye afya huwakuta wagonjwa hawa hawana ulinzi. Huo bado ni uhusiano, sio uthibitisho wa sababu, na mwandishi anayetaka kuaminiwa aseme hivyo.

Pingamizi zito zaidi lilitoka Uholanzi mwaka 2016. Watafiti walihesabu ni vifo vingapi vya wagonjwa wa sepsisi vinaweza kubebeshwa maambukizi mapya yaliyopatikana ndani ya chumba cha mahututi, wakapata takriban sehemu moja ya kumi. Kama kinga iliyochoka inaua, walisema, basi inaua wachache. Nadhani hesabu hiyo ni sahihi lakini imehesabu kitu kimoja. Kinga iliyochoka hushindwa pia kummaliza adui wa kwanza. Mjini Innsbruck, Austria, upasuaji wa maiti 235 za watu waliofia sepsisi katika chumba cha mahututi cha upasuaji uligundua kwamba katika zaidi ya robo tatu yao chanzo cha maambukizi kilikuwa bado kipo: usaha tumboni, mapafu yenye nimonia. Hawa walikuwa wametibiwa, wengi kwa siku nyingi, kwa antibayotiki na kwa visu. Antibayotiki hupunguza idadi ya adui. Anayefagia uwanja ni kinga.

La mwisho, na ndilo linalosikika zaidi tangu mwaka 2020, ni deksamethasoni. Jaribio la Uingereza la RECOVERY lilionyesha kwamba steroidi hiyo ya bei rahisi, inayoshusha kinga, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa Covid waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Je, hilo halirudishi wazo la mwili unaojiua? Linalirudisha kwa sehemu, nami sikulikataa lote. Kuna wagonjwa ambao moto ndio unaowaua, na kijana anayekufa kwa saa chache kwa bakteria wa homa ya uti wa mgongo ni mmojawao. Lakini msomaji atazame jaribio lilelile hadi mwisho wake. Waliokuwa bado hawahitaji oksijeni hawakupata faida yoyote kwa deksamethasoni. Dawa moja, ugonjwa mmoja, hatua mbili tofauti, majibu mawili. Watafiti wa Oxford walipopanga wagonjwa wa sepsisi kwa jeni zinazofanya kazi katika seli zao nyeupe, walipata makundi mawili hata kwa watu wenye dalili zinazofanana, moja likiwa na dalili za kinga iliyochoka na vifo vingi zaidi. Jopo la kimataifa lililoandika upya tafsiri ya sepsisi mwaka 2016 nalo lilifuta jina la sepsisi kali, na kusema kwamba sepsisi ni viungo kushindwa kwa sababu mwitikio wa mwili umepoteza mpangilio. Hawakusema umezidi. Hawakusema umepungua.

Kwa Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake, maana sisi tumeona kosa la namna hiyo likipimwa kwenye ardhi yetu. Mwongozo wa nchi tajiri ulisema mtoto aliye katika mshtuko apewe dripu kwa wingi na kwa haraka, ili kujaza mishipa iliyolegea na kuvuja. Jaribio la FEAST, lililoongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi na kuhusisha watoto 3141 katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, liliujaribu mwongozo huo. Matokeo yalitoka mwaka 2011. Kati ya waliopewa dripu ya haraka walikufa takriban asilimia 10.5 ndani ya saa 48; kati ya wasiopewa, asilimia 7.3. Mjini Lusaka, mwaka 2017, jaribio la watu wazima 212 wenye sepsisi na presha ya chini lilitoa jibu la namna hiyohiyo: matibabu ya mpango wa haraka yaliambatana na vifo vya asilimia 48, ya kawaida asilimia 33. Takriban tisa kati ya kila kumi wa wagonjwa wa Lusaka walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI. Sidai kwamba maji na saitokini ni kitu kimoja. Ninachosema ni kwamba katika visa vyote viwili mwili wa aina moja, uliochunguzwa mahali pamoja, ulichukuliwa kuwa mwili wa kila mtu. Mtoto mwenye malaria, upungufu wa damu na utapiamlo, au mtu mzima ambaye limfosaiti wake walikwisha kupungua kabla bakteria hajaingia, hana kinga ile ya simbilisi mwenye afya wa Pfeiffer. Bakteria wa Salmonella wanaoingia kwenye damu, ambao huku kwetu huwaua hasa watoto wenye malaria au utapiamlo na watu wazima wenye UKIMWI, ni ushahidi wa kila siku kwamba sepsisi yetu mara nyingi huanza pale ambapo ile ya vitabuni huishia.

Ipo njia inayojaribiwa sasa ya kuiamsha kinga badala ya kuizima. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio dogo la wagonjwa 27 wa Ufaransa na Marekani waliokuwa katika mshtuko wa sepsisi na limfosaiti wachache. Waliopewa interleukini 7, chakula cha limfosaiti, walipata ongezeko la seli hizo la mara tatu hadi nne, na kile kilichokuwa kinaogopwa, kwamba mcharuko ungelipuka upya, hakikutokea. Wagonjwa 27 hawatoshi kusema nani atapona. Jaribio halikubuniwa kwa hilo. Lakini linatosha kuuliza swali ambalo miaka ya 1980 lingeonekana wazimu, la kumpa mgonjwa wa sepsisi dawa ya kuongeza kinga.

Interleukini 7 haipo katika famasi ya wilaya, wala mashine ya kupima HLA-DR. Kilichopo, hata katika hospitali nyingi za kawaida, ni kipimo cha picha kamili ya damu, karatasi ndogo inayotoka mashineni na safu ya namba. Madaktari huangalia kwanza jumla ya seli nyeupe, wakaona imepanda, wakasema mwili unapigana. Mistari michache chini yake ipo namba ya limfosaiti peke yao. Tafiti za wagonjwa wa sepsisi zimeonyesha kwamba namba hiyo ikiwa bado iko chini kufika siku ya nne, hatari ya kufa ni kubwa zaidi, hata pale jumla inapopendeza. Imechapwa tayari kwenye karatasi ileile, na kwa kawaida hakuna anayeizungushia kalamu.